Pigo Moja la Ziada

Kabla redio haijawajua, bendi ya Mwangwi ilikuwa na mashabiki wa kutosha mabenchi mawili, na bado pakabaki nafasi ya kuweka makoti. Wenyewe waliona fahari. Walipiga roki ya majaribio, nyimbo ndefu zilizobadilisha mwendo katikati bila kumuaga mtu, na aliyejitia kuinuka kucheza hakuchukua muda kabla miguu yake haijamgombanisha na jirani. Mwimbaji, ambaye pia alipiga gita, ndiye aliyekuwa kiongozi. Walimwita Profesa, si kwa sababu ya shule, bali kwa sababu hakuweza kukutajia bei ya sabuni bila kuanza na utangulizi. Kulikuwa na mpiga besi, mtu mnene, mpole, mwenye watoto wengi, na mpiga kinanda ambaye akinyamaza kutwa nzima ujue siku yake imekwenda vizuri. Nyuma yao wote, kwenye ngoma, alikaa Ngumi.

Jina hilo alipewa ujanani kwa ajili ya mikono yake mikubwa. Hakuwahi kumpiga hata paka. Mchana alisimamia mashine kwenye kiwanda cha uchapaji, jioni alipiga ngoma, na katikati ya hayo mawili alikuwa mume wa dada yake Profesa. Wenzake walipenda kusema kwamba alioa kwa hesabu, ili asije akafukuzwa kwenye bendi. Yeye alicheka tu. Hakuwa mtu wa maneno, na shemeji yake alikuwa nayo ya kuwatosha wote wawili.

Ngumi na mkewe walijaliwa mtoto mmoja, wa kike, aliyerithi jina la mama yake Ngumi. Kwa kuwa hakuweza kumkemea mama yake mzazi kwa jina, walimwita Bibi. Basi mkewe akawa Mama Bibi na yeye akawa Baba Bibi, na pale kiwandani wakapata mchezo. "Baba wa bibi," walimwambia, "sasa wewe ni babu wa nani?"

Bibi alizaliwa mguu mmoja mfupi. Fundi viatu alimtengenezea soli nene ya kiatu cha kushoto, ikasaidia, lakini haikumaliza kazi. Walikaa ghorofa ya tatu, kwenye nyumba yenye korido ndefu ya sementi iliyotoka mlango wa mbele mpaka jikoni, na mtoto akipita humo nyumba nzima ilijua. Mguu wa kulia ulikanyaga ukatulia, wa kushoto ukagusa ukaondoka. Ngumi akiwa amelala na macho yamefumba aliweza kusema mtoto yuko wapi, amebeba nini, na kama amenuna.

Mjomba wake alikuwa na mchezo naye. Kila alipofika alichuchumaa mlango wa jikoni, akafungua mikono, akaita, "Njoo mbio, Bibi." Mtoto alikuja kwa mwendo wake uleule, huku anamgombeza njia nzima. "Mbio zangu ndizo hizi, mjomba. Kama una haraka, njoo wewe." Akifika anajitupa kifuani mwake, na Profesa, mtu wa utangulizi, alikosa la kusema.

Bibi alipokuwa darasa la tatu alirudi shule analalamika kichwa. Usiku homa ikapanda. Asubuhi hakuweza kuinamisha shingo, wakamkimbiza hospitali, na daktari akasema ni homa ya uti wa mgongo. Walifanya kila walichojua kufanya. Mama yake hakutoka pembeni ya kitanda, Ngumi alikuwa anatoka na kuingia, akitumwa dawa, akitumwa shuka, akishukuru kutumwa. Wiki haikuisha.

Waliporudi kutoka kuzika, nyumba ilijaa ndugu na majirani, na korido ikajaa viatu vya watu. Ilikuwa nafuu. Ndugu walipoondoka ndipo walipoisikia nyumba yenyewe. Mkewe alifagia pale korido kila asubuhi, akianza mlangoni na kuishia jikoni, hata siku ambazo hapakuwa na vumbi. Wala hawakugombana wala hawakuzungumza sana. Walipeana chai, walipeana pole. Na watu waliacha kumwita Baba Bibi. Kiwandani, kwenye bendi, dukani, wote walirudi kwenye Ngumi, kwa kumhurumia, na kila aliyemhurumia hivyo alimwacha na kidonda kipya. Ni mkewe peke yake aliyeendelea kumwita jina lake.

Mwangwi walifanyia mazoezi kwenye bohari iliyokuwa ya rangi, sehemu yenye harufu iliyowakaa mpaka kwenye nywele. Ngumi alirudi huko baada ya muda, maana alichoka kukaa bila kazi ya mikono. Siku hiyo Profesa alikuwa anakaza nyuzi za gita, akamwambia apige chochote, asiwaache wenzake wakasinzia. Ngumi akaanza kupiga. Hakuwaza. Alitazama dirisha, mikono ikafanya mambo yake.

Profesa aliacha kukaza nyuzi.

"Shemeji," alisema, "hiyo ni nini?"

"Sijui."

"Piga tena."

Akapiga tena, na safari hii akaisikia. Ngoma ya mguu ilikanyaga ikatulia, ngoma ndogo ikagusa ikaondoka. Manne ya mguu wa kulia, matatu ya mguu wa kushoto. Mapigo saba, na kila yalipozunguka yalirudi mwanzoni mapema kidogo kuliko sikio lilivyotegemea, kama mtu anayejiwahi asianguke. Mpiga besi, ambaye hakuambiwa kitu, aliinamisha kichwa akaingia taratibu na noti moja. Profesa alikwenda nje. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akachukua gita, na hakuna aliyemuuliza.

Ule wimbo waliuita Korido, na uliwachukua msimu mzima. Ulijaza upande mmoja wa santuri. Ulianza na ngoma peke yake, mbali, kana kwamba mtu yuko mwisho wa nyumba. Baadaye besi, kinanda, gita lililovutwa kama mlango usiotaka kufunguka. Katikati kinanda kilichomoka na kijiwimbo chepesi, cha kitoto, kikacheza juu ya yale mapigo saba bila kujikwaa hata mara moja, kisha gita likakifunika. Karibu na mwisho vyombo vyote vilinyamaza ikabaki ngoma, na Profesa akaimba maneno pekee yaliyokuwamo kwenye wimbo mzima. Njoo mbio, Bibi. Mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliyechuchumaa.

Katika maisha yake yote ya muziki, Ngumi hakuwahi kupiga vizuri kama alivyopiga siku ya kurekodi. Alijua hivyo pale pale, na ilimuuma kwamba alijua.

Jumamosi santuri ilipotoka kutengenezwa, Profesa aliileta nyumbani kwa dada yake, ameifunga kwa gazeti. Alitoa utangulizi. Dada yake alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi, akamsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Sindano ikashuka. Ngoma ilipoanza kule mbali, aliweka kitambaa juu ya kiti, akapita korido, akafungua mlango, akatoka. Walimkuta amekaa kwenye ngazi. Ngumi akataka kuzima, naye akamwonyesha kwa mkono aache. Alikaa pale mpaka upande ule wa santuri ulipokwisha, ndipo akaingia.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza," akasema kaka yake.

"Basi nawawekea chakula."

Ile santuri haikuuzika. Mwandishi mmoja wa gazeti aliisifu kwa maneno ambayo hata Profesa aliyatafuta kwenye kamusi, mashabiki wa mabenchi mawili walichukua moja moja, na zilizobaki zikakaa kwenye maboksi kwenye stoo ya kampuni ya santuri. Ndipo meneja wa kampuni alipowaita.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye upole unaotisha kuliko ukali. Walikwenda wamejiandaa kufukuzwa. Badala yake aliwapa viti, akaweka Korido, na akawashangaza kwa kuisikiliza yote, amefumbata mikono, bila kuangalia saa.

"Nimeusikiliza mara nyingi," alisema. "Sitawadanganya, sielewi nusu yake. Lakini kuna wimbo humu ndani umejificha." Akarudisha sindano kwenye kile kijiwimbo cha kinanda. "Huu hapa. Na maneno yako ya mwisho, Profesa, yakija hapa yawe kiitikio. Mtu akisikia anataka kuinuka. Anainuka, halafu anajikwaa. Mnaona anapojikwaa?" Akahesabu kwa kidole juu ya meza, akafika saba, kidole kikabaki hewani. "Hapa. Ongezeni pigo moja tu."

Hakujua ule ni mwendo wa nani. Hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Mpiga kinanda alitazama viatu vyake. Mpiga besi akasema, taratibu, kwamba nyumbani kwake wamekuwa wengi na kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kimepunguza watu, kwa hiyo yeye angependa kujaribu, lakini watakavyoamua wenzake. Profesa alimgeukia shemeji yake. Alimtazama kwa muda mrefu. Ngumi akaitazama glasi ya maji iliyokuwa mbele yake. Alikuwa na neno, neno lenyewe lilikuwa fupi. Alisubiri Profesa aliseme, na huenda Profesa alisubiri yeye. Kimya chake kikahesabiwa kuwa ni kura.

"Na lile neno Bibi," meneja aliongeza wakiwa wanaondoka. "Watu watadhani mnamwimbia kikongwe. Wekeni mpenzi."

Walicheka. Hata Ngumi alicheka, na sauti ya kicheko chake ilimfuata mpaka mitaa miwili mbele.

Waliurekodi upya asubuhi moja, ukakamilika kabla ya chakula cha mchana. Haukuwa na kazi ngumu. Manne ya mguu wa kulia, manne ya mguu wa kushoto. Ngumi alipiga kama alivyoendesha mashine kiwandani, na fundi mitambo alimsifu kwamba ametulia kama saa. Wimbo uliitwa Njoo Mbio. Ulikuwa wa dakika tatu.

Mambo yakabadilika haraka mno. Wimbo ulishika redio, ukashika maduka, ukashika vibanda vya kunyoa. Kiwandani vijana waliuimba wakibeba karatasi. Harusini uliwekwa pale watu wanapokuwa wameshiba na kuanza kulegeza mikanda. Ngumi alitembea mitaani na kukuta mguu wa mwanawe, umenyooshwa, unatoka kwenye kila dirisha. Wale mashabiki wa mwanzo walinuna, wakasema Mwangwi wameuza roho, na mmoja wao alimpita Ngumi barabarani bila salamu. Ngumi angempa mkono kama angegeuka.

Kilichomkata maini ni jioni aliyoingia nyumbani akamkuta mkewe anapiga pasi. Redio ilikuwa imezimwa. Mkewe alikuwa anaimba mwenyewe, kwa sauti ya chini, huku pasi inakwenda na kurudi. Njoo mbio, mpenzi, njoo.

Ngumi alisimama mlangoni na mfuko wa mboga mkononi.

"Na wewe?" alisema.

Mkewe aliinua pasi akaisimamisha. "Na mimi nini?"

"Unauimba huo."

"Wimbo wenu si ndio huu?"

"Ule mwingine hukutaka hata kuusikia. Uliukimbia, ukaenda kukaa kwenye ngazi kama mgeni. Huu ndio unaouimba?"

Mkewe alikunja shati, akalainisha kola kwa kiganja, akaliweka juu ya mengine. Alikuwa mtu wa kumaliza alichokishika kwanza.

"Baba Bibi," alisema, "ule wenu mrefu, mwanangu anakufa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilishamwona akifa mara moja. Nilikuwepo. Wewe ulikuwa unatumwa dawa." Hakusema kwa kumlaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Huu mfupi, mtu anaitwa, anakuja. Anakuja mbio kwelikweli. Mimi miaka yote nilitamani nimwone siku moja tu anakimbia. Sasa nisiimbe?"

"Hakuwa anakimbia. Siyo yeye."

"Najua kwamba siyo yeye," mkewe alisema. "Nani alikuambia mimi sijui?"

Alichukua shati jingine. Ngumi alipeleka mboga jikoni akaziweka kwenye beseni, akafungua maji, akayaacha yamwagike muda mrefu kuliko mboga zilivyohitaji.

Ngumi aliacha kazi kiwandani, na kampuni ikawapeleka miji mingine. Jumapili moja walipiga alasiri kwenye ukumbi wa michezo, watu wamejaa mpaka ngazi za pembeni, wengine wamewabeba watoto mabegani. Njoo Mbio waliuacha mwisho kama kawaida. Profesa alivaa koti la kung'aa ambalo dada yake alilicheka sana alipoliona. Kinanda kikaanza, umati ukaitikia kwa pamoja, na sakafu ikaanza kutikisika kwa maelfu ya miguu iliyokanyaga sawasawa.

Ngumi alisema baadaye, na hakuna aliyemwamini isipokuwa mkewe, kwamba hakukusudia. Aliitazama ile miguu. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, hakuna hata mmoja uliosita. Mikono yake ikaliacha lile pigo la nane.

Mara ya kwanza watu walidhani wamesikia vibaya. Mara ya pili mstari wa mbele ukagongana. Mpiga besi alimtupia jicho, akajaribu kumfuata, akapotea. Ngumi aliendelea. Manne, matatu. Manne, matatu. Kote ukumbini watu walikuwa wanajikwaa, wanashikana mikono, wanacheka kwanza, kisha hawacheki. Wengine wakaanza kupiga miluzi. Profesa alikuwa amefika kwenye kiitikio, akafungua mdomo, akageuka nyuma. Aliacha kipaza sauti kikaning'inia mkononi. Kwa kitambo walitazamana hivyo, shemeji kwa shemeji, ngoma ikitembea peke yake katika ule ukumbi mkubwa, mpaka fundi wa mitambo alipopata akili akazima sauti ya ngoma na kuwasha taa.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na kioo kirefu na kiti kimoja. Hakuna aliyekikalia.

"Ungeniambia," Profesa alisema. "Siku ile kwa meneja. Nilikutazama, shemeji. Nilikutazama nikasubiri. Ungesema hapana, tungetoka pale wote."

"Nilikusubiri wewe."

"Mimi ni mjomba. Wewe ndiye baba."

"Maneno ni yako lakini. Siku zote maneno ni yako."

Profesa alilivua lile koti, akatafuta pa kulitundika, akakosa, akabaki nalo mkononi. "Unadhani mimi siumii," alisema. "Kila nikifika kwenye mpenzi, ulimi unataka kusema lile jingine. Kila siku nalimeza. Lakini nikiuimba, angalau namwita. Wewe unataka nisimwite kabisa?"

Ngumi alifuta jasho, akampa mkono mpiga besi, akampa mkono mpiga kinanda, ambaye kwa mara ya kwanza alitafuta neno la kusema na hakulipata. Alirudi nyumbani kwa gari la moshi. Alikaa dirishani njia nzima, vijiti vya ngoma kwenye mfuko wa koti, na hakurudi tena kwenye Mwangwi.

Kiwandani walimpokea bila maswali mengi, wakamrudisha kwenye mashine yake. Wakati huo ndipo lilipompata jambo ambalo hakulitegemea. Asubuhi moja, akiwa bado kitandani, macho yamefumba, alijaribu kumsikia mtoto anapita korido. Alikuwa akifanya hivyo mara kwa mara, ilikuwa ndiyo dua yake. Akamsikia. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Sawasawa. Akajaribu tena, akajilazimisha kuhesabu manne na matatu, na akafaulu kuhesabu, lakini ilikuwa hesabu tu, haikuwa na mtu ndani yake. Alikuwa amempiga mtoto akiwa amenyooka mara nyingi mno, kila jukwaa, kila mji. Mikono ilikuwa imekariri, na masikio yakafuata mikono.

Alikaa kitako kitandani. Mkewe aliamka akamkuta amefunika uso kwa viganja.

"Nimempoteza," Ngumi alisema. "Mwendo wake. Sioni tena alivyokuwa anatembea. Nikisikiliza nasikia ule wimbo."

Mkewe alikaa kando yake.

"Wewe unakumbuka," Ngumi alimwambia. "Wewe ndiye uliyekuwa unamvalisha viatu. Nionyeshe. Tembea pale korido kidogo tu, nisikie."

Mkewe alimtazama kwa huruma, akatikisa kichwa. "Siwezi kumwigiza mwanangu," alisema. "Watoto wa mtaani walikuwa wanamwigiza, nikawa natoka na ufagio kuwafukuza. Leo nimwigize mimi? Usiniombe hilo."

Hakumwomba tena. Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa ya watu wawili wanaopishana kwa adabu. Kisha Jumapili moja mchana Ngumi aliitoa santuri iliyokuwa nyuma ya kabati, akaifuta vumbi, akamwambia mkewe kwamba anataka kusikiliza, na kwamba kama anakwenda kwa jirani ni sawa, atamwita.

"Weka," mkewe alisema, akakaa.

Ngoma ilianza kule mbali. Ngumi alijikunja mbele, sikio limeelekea kwenye spika kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Alitafuta. Manne na matatu yalikuwepo, safi, kila moja mahali pake, na ilikuwa mikono yake, aliitambua, alikumbuka hata kiti alichokalia. Bibi hakumwona. Kinanda kikaja na kijiwimbo chake, gita likakifunika. Alimwangalia mkewe kwa pembeni. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, machozi yanamshuka bila sauti na hayafuti. Vyombo vikanyamaza. Kaka yake akaita, mara moja, kwa sauti ya mtu aliyechuchumaa, na mkewe akafumba macho. Hakuondoka. Sindano ikafika mwisho ikawa inakwaruza, na kwa muda hakuna aliyeinuka kuitoa.

"Huyu naye siyo yeye," mkewe alisema mwishoni.

"Siyo yeye," Ngumi alikubali.

"Hawa ni nyinyi wawili, mnamlilia. Nilidhani mmemweka humo. Ndiyo maana nikakimbia." Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kumbe ni kilio. Kilio kinasikilizika."

Ngumi aliinua sindano, akairudisha santuri kwenye mfuko wake. Mkewe alikuwa bado hajamaliza.

"Nenda kwa kaka yangu," alisema. "Sisemi urudi kwenye bendi. Lakini alikuja hapa mara mbili ukiwa kazini, akasimama pale mlangoni, akakataa kuingia."

Alikwenda mwisho wa wiki, bila taarifa, kwenye bohari ya rangi. Mwangwi walikuwa wanajiandaa kwa safari nyingine. Palikuwa na mpigaji mpya kwenye ngoma zake, mtu mwenye heshima, aliyeinuka haraka alipomwona akataka kujieleza. Ngumi alimwambia akae. Aliona kwamba kiti kiko chini mno kwake, akapiga magoti, akakipandisha kidogo, akakaza skrubu.

"Hizi ngoma baki nazo," alimwambia. "Ile kubwa ya mguu usiikaze sana wakati wa baridi."

Mpiga besi alimkumbatia mpaka mbavu zikalia. Profesa alisimama karibu na ukuta, akaweka gita chini. Alimsindikiza nje. Walitembea pamoja kando ya ukuta mrefu wa bohari, wakapita malori yaliyokuwa yanapakia. Kwenye geti Profesa akasimama.

"Dada yangu hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Amesikiliza Korido. Yote."

"Akasema nini?"

"Akasema ni kilio."

Profesa aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubaliana na jambo ambalo bado hajaambiwa lote. Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati, ikamponyoka. Ngumi aliidaka. Profesa akageukia ukuta, akaegemeza paji la uso kwenye matofali, akalia kwa sauti, kilio cha mjomba ambacho pale makaburini alikuwa amekikabidhi kwa watu wengine kwa kuwa alikuwa na kazi ya kupokea wageni. Malori yalipita. Dereva mmoja akapunguza mwendo, akaona, akaongeza tena.

Ngumi hakumwambia basi wala nyamaza. Alisimama pale pale jua likimpiga upande mmoja wa uso, akamshikia miwani mpaka alipomaliza.